Mali na Daftari: Historia ya Mashine za Kuhesabia na Wahifadhi Wake

Wahenga wa Waswahili, ambao wengi wao walikuwa watu wa biashara, waliacha mithali isemayo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Maana yake ya asili ni ya dukani: mwenye bidhaa asiyeandika kilichoingia na kilichotoka hujikuta siku moja mikono mitupu, wala hajui mali yake imekwenda wapi. Lakini mithali hii yaweza kupimwa katika uwanja mwingine ambao walioitunga hawakuufikiri, nao ni historia ya vyombo vilivyobuniwa ili vimsaidie huyo huyo mwenye daftari, yaani mashine za kujumlisha na kuhesabia. Katika historia hiyo zipo mali zilizopotea zikaacha daftari. Zipo mali zilizosalia lakini habari zake zikafichika. Na zipo chache zilizobahatika kuwa na vyote viwili. Hukumu ya nani aliyetangulia, na nani aliyeshinda ugumu ambao wenzake hawakuuweza, imetegemea sana jambo moja: ni nini kilichohifadhiwa, na ni nani aliyekihifadhi.

Watu wengi hudhani kuwa kukusanya mashine kongwe za hesabu ni mchezo wa wenye fedha na nafasi. Dhana hiyo si ya haki. Bila ya wakusanyaji, watunzaji wa makumbusho, na wasomaji wavumilivu wa barua za zamani, sehemu kubwa ya historia hii isingalijulikana kabisa. Ushahidi wa jambo hilo ni watu wanne, kila mmoja na namna yake ya kupotewa na ya kuokolewa.

Wa kwanza ni Wilhelm Schickard, aliyezaliwa Herrenberg katika nchi ya Württemberg mwaka 1592. Wataalamu wa lugha wana haki ya kumdai kuwa mwenzao kabla ya wataalamu wa hesabu, maana kazi aliyopewa katika Chuo Kikuu cha Tübingen mwaka 1619 ilikuwa kufundisha Kiebrania. Alitunga kitabu cha kufundishia lugha hiyo kwa masomo 24, tena akabuni chombo cha karatasi alichokiita Rota Hebraea, chenye visahani viwili vilivyopandana, ambavyo mwanafunzi alivizungusha akaona sura za kitenzi zikijitokeza katika vidirisha. Mtu aliyekwisha kuona kuwa vitenzi vyaweza kupangwa juu ya gurudumu hakuwa mbali na kuona kuwa tarakimu nazo zaweza kupangwa vivyo hivyo.

Tarehe 20 Septemba 1623 Schickard alimwandikia rafiki yake Johannes Kepler, bingwa wa elimu ya falaki, akamweleza kuwa amefanya kwa chombo kazi ile ile ambayo Kepler aliifanya kwa hesabu. Chombo chake kilikuwa na magurudumu 11 yenye meno kamili na 6 yenye meno yaliyopunguzwa. Sehemu ya juu ilitumia majedwali ya kuzidisha yaliyobuniwa na John Napier wa Scotland na kutangazwa mwaka 1617. Sehemu ya chini ilijumlisha na kutoa namba za tarakimu sita. Kepler, aliyetumia miaka mingi katika hesabu za mwendo wa sayari, angalifaidiwa sana na chombo cha namna hiyo, na Schickard aliagiza kimoja kitengenezwe kwa ajili yake. Lakini barua ya tarehe 25 Februari 1624 ilileta habari mbaya: moto wa usiku ulikiteketeza chombo hicho kikiwa bado hakijakamilika, katika nyumba ya fundi Johann Pfister. Nchi ilikuwa katika Vita vya Miaka Thelathini, na pamoja na vita ilikuja tauni. Schickard alikufa kwa tauni mwaka 1635, baada ya kuwazika watu wa nyumba yake. Hakuna chombo chake hata kimoja kilichosalia.

Basi hapa mali ilipotea. Lakini daftari lilibaki. Barua za Schickard zilihifadhiwa pamoja na karatasi za Kepler, na mwaka 1718 zilichapwa katika kitabu cha barua za Kepler. Hata hivyo kwa zaidi ya miaka 200 waandishi wa historia waliendelea kusema kuwa mtu wa kwanza kubuni mashine ya kujumlisha alikuwa Mfaransa Blaise Pascal. Daftari lilikuwepo, ila hapakuwa na mtu wa kulisoma kwa macho ya jambo hili. Mwisho alitokea Franz Hammer, mhariri wa maandishi ya Kepler. Katika miaka ya 1930 alikuta mchoro wa chombo miongoni mwa karatasi za Kepler zilizowekwa Pulkovo, karibu na St Petersburg. Na baada ya vita vya pili vya dunia alitambua mchoro mwingine, wenye maelezo kwa fundi, katika maktaba ya Stuttgart. Mwaka 1957 aliitangaza habari hiyo mbele ya wataalamu wa historia ya hesabu. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Bruno von Freytag-Löringhoff, mwalimu wa falsafa katika chuo kile kile cha Tübingen, naye akaunda upya chombo hicho, kikawa tayari mwaka 1960.

Je, kesi ikaisha? Haikuisha, na sababu yake yafaa kuelezwa, maana ndiyo inayoonyesha mpaka wa nguvu ya daftari. Mtoto wa shule ajumlishapo 7 na 5 hupata 12; huandika 2, kisha huchukua 1 akaipeleka kwenye makumi. Ugumu wote wa mashine ya kujumlisha umo katika hiyo moja inayochukuliwa. Gurudumu la mamoja likipita kutoka 9 kwenda 0 lazima lilisukume gurudumu la makumi hatua moja tu, isiwe mbili, wala isiwe nusu. Tena mtu akijumlisha 1 juu ya 999,999, magurudumu yote lazima yaguswe kwa mara moja. Katika chombo cha Schickard jino moja la gurudumu lilisukuma gurudumu la pili, la pili likasukuma la tatu, na uzito wote ukauangukia mkono wa anayehesabu. Michoro iliyosalia haionyeshi kila kipande, kwa hiyo mwundaji wa karne ya 20 alilazimika kukamilisha kwa akili yake mahali palipokuwa kimya. Kwa sababu hiyo wapo wataalamu wasiokubali kuwa chombo kipya kinathibitisha uwezo wa chombo cha zamani. Barua yatosha kuthibitisha kuwa wazo lilikuwepo. Haitoshi kuthibitisha kuwa magurudumu yalizunguka bila kukwama.

Wa pili ni huyo Pascal, aliyezaliwa mwaka 1623, ndio mwaka wa barua ya kwanza ya Schickard. Baba yake, Étienne Pascal, aliwekwa Rouen kusimamia kodi, na kijana alimwona akikesha juu ya majumlisho. Mwaka 1642, kabla ya kutimiza umri wa miaka 20, alianza kubuni mashine ya kumpunguzia kazi hiyo. Na mwaka 1645, baada ya mifano mingi ambayo mwenyewe aliikadiria kuwa zaidi ya 50, aliitangaza mashine iliyomridhisha. Mwaka 1649 mfalme alimpa hati ya kumlinda na waigaji.

Pascal aliikabili ile moja inayochukuliwa kwa njia nyingine. Katika mashine yake kila gurudumu liendapo kutoka 0 hadi 9 hunyanyua kizito kidogo kidogo. Likivuka 9 kizito huanguka, na kwa kuanguka kwake hulisukuma gurudumu la jirani hatua moja. Hivyo kila gurudumu hubeba mzigo wake lenyewe, na kidole hakilemewi hata magurudumu yakiwa mengi. Lakini njia hii ina gharama yake: magurudumu hayawezi kurudi nyuma. Kutoa, kwa hiyo, kulifanywa kwa kujumlisha. Kila tarakimu ina mwenzake wa kuijaza ifike 9: mwenzake 8 ni 1, mwenzake 3 ni 6. Mtu atakaye kutoa 273 katika 815 huonyesha kwanza wenzake wa 815, ambao ni 184. Hujumlisha 273, akapata 457. Kisha huwasoma wenzake wa 457, ambao ni 542, na hilo ndilo jibu. Katika mashine ya Pascal pana kipande kisogezwacho ambacho hufunika safu moja ya tarakimu na kufunua nyingine, hata msomaji hana haja ya kuwatafuta wenzake kwa kichwa.

Jambo la pili la kuangaliwa ni kuwa mashine hizi hazikuwa za makumi matupu. Fedha ya Ufaransa ya wakati ule ilihesabiwa kwa livre, sol na denier. Denier 12 zilikuwa sol 1, na sol 20 zilikuwa livre 1. Kwa hiyo magurudumu mawili ya mwisho yalikuwa na nafasi 20 na 12. Wafanya biashara wa pwani ya Afrika Mashariki wa karne ya 19, waliohesabu kwa rupia ya anna 16 na anna ya pesa 4, wangalielewa mara moja kwa nini mashine ya fedha haiwezi kuwa na magurudumu yaliyo sawa yote.

Mambo haya yote yajulikana kwa hakika, wala hayabishaniwi, kwa sababu mali yenyewe ipo. Mashine za Pascal zilizosalia hazizidi tisa, nyingine zimo katika makumbusho ya Musée des Arts et Métiers mjini Paris, na moja imo Dresden. Mtafiti aweza kuzifungua, kuyahesabu meno, na kuona kizito kikianguka. Ndiyo maana uhaba wake umekuwa jambo la sheria. Mwezi wa Novemba 2025 mashine moja ya Pascal iliyokuwa mikononi mwa watu binafsi ilikusudiwa kuuzwa kwa mnada mjini Paris, ikikadiriwa kupata euro milioni 2 hadi 3. Mashine hiyo ni ya pekee, maana magurudumu yake yalifanywa kwa vipimo vya urefu vya wapima ardhi, ambapo futi moja ni inchi 12, wala si kwa fedha. Wataalamu walikwenda mahakamani kuzuia isitoke nchini, na mahakama ya utawala ya Paris ikasimamisha kwa muda kibali cha kuitoa Ufaransa, uuzaji ukasitishwa. Pande zote mbili zilikuwa na neno. Mwenye mali ana haki juu ya mali yake, na pengine chombo kisingalisalia miaka 380 kama watu binafsi wasingalikitunza. Lakini kitu ambacho wenzake hawafiki kumi duniani ni ushahidi pia, na ushahidi ukifungiwa katika kasha la tajiri asiyejulikana huwa kama daftari lisilosomwa.

Wa tatu ni Gottfried Wilhelm Leibniz, aliyeishi tangu mwaka 1646 hadi 1716. Yeye alitaka mashine ifanye hesabu zote nne, na mwaka 1673 alionyesha mfano wake mbele ya Royal Society ya London. Kiungo alichokibuni ni silinda yenye meno tisa ya urefu mbalimbali, yaliyopangwa kama ngazi. Gurudumu dogo likisogezwa kando ya silinda hiyo hukutana na meno mengi au machache kwa kadiri ya mahali lilipo, hivyo mzunguko mmoja wa mkono huongeza tarakimu yoyote itakiwayo. Kuzidisha kukawa ni kuzungusha mara nyingi tu. Leibniz alitumia fedha nyingi na miaka mingi juu ya kazi hiyo, lakini daftari lake lilikuwa pungufu: maelezo aliyoyachapisha mwaka 1710 yalionyesha sura ya nje ya mashine, siyo matumbo yake. Mashine yenyewe ilifika Göttingen, ikawekwa darini katika chuo kikuu, ikasahauliwa. Ilionekana tena katika miaka ya 1870, na sasa imo katika maktaba ya Hannover ipewayo jina la Leibniz.

Wakati mashine hiyo ililala darini, dunia haikungoja. Mwaka 1820 Mfaransa Thomas de Colmar alipata hati ya kulinda mashine yake iliyotumia silinda ya meno ya ngazi, na tangu miaka ya 1850 ikawa mashine ya kwanza ya hesabu kuuzwa kwa wingi kwa makampuni ya bima, mabenki na wahandisi. Hasara ya kusahau, basi, haikuwa ya Leibniz peke yake. Kila fundi aliyekuja nyuma alianza safari karibu na mwanzo, badala ya kuanzia pale mwenzake alipokomea.

Kinyume chake ni Mmarekani Dorr E. Felt wa Chicago. Mwishoni mwa mwaka 1884 alitengeneza mfano wa mashine ya kujumlisha kwa kubonyeza vitufe, akitumia sanduku la makaroni, vijiti vya kuchomea nyama vikawa vitufe, na mipira ya kufungia vitu ikawa kamani. Mashine iliyotokana na sanduku hilo iliitwa Comptometer, ikapata hati mwaka 1887, ikaenea maofisini duniani. Lakini sanduku halikutupwa. Limo katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, na yeyote alitazamaye huona kwa jicho moja umbali uliopo kati ya wazo na bidhaa. Hicho ni kitu ambacho hakuna barua iwezayo kukieleza sawasawa.

Wa nne ni Curt Herzstark, na kwake mithali yapata mtihani mgumu kuliko wote. Alizaliwa Vienna mwaka 1902, mtoto wa mwenye kiwanda cha mashine za hesabu, naye alikua kati ya magurudumu na kamani. Mashine za siku zile zilikaa mezani, hali wahandisi na wapima ardhi walitaka chombo cha kuingia mfukoni. Herzstark aliona kuwa haifai kuchukua mashine kubwa na kuipunguza. Bora kuanza na kiganja cha mkono na kuuliza ni umbo gani liwezalo kukaa humo. Akafikia umbo la silinda, na ndani yake akaweka silinda moja tu ya meno ya ngazi katikati, ikizungukwa na viungo vya kuwekea tarakimu, badala ya silinda nyingi zilizopangwa safu kama alivyofanya Leibniz.

Tatizo likabaki moja: kutoa. Silinda moja haiwezi kuzungushwa kinyume bila kuharibu utaratibu wa ile moja inayochukuliwa. Herzstark akarudi kwenye njia ya Pascal, ya wenzake wa tisa. Aliipa silinda yake meno ya namna mbili, ya tarakimu zenyewe na ya wenzake. Mtumiaji akiuvuta mkono juu kidogo kabla ya kuzungusha, mashine huongeza mwenzake wa namba badala ya namba, na jibu huwa la kutoa. Mwaka 1938 alipata hati ya kulinda uvumbuzi huo. Lakini mwaka huo huo Austria ilimezwa na Ujerumani ya Hitler, na kiwanda kikalazimishwa kutengeneza vipimo vya jeshi. Baba yake Herzstark, aliyefariki mwaka 1937, alikuwa Myahudi. Mwaka 1943 Herzstark alipojaribu kuwatetea wafanyakazi wake waliokamatwa, yeye mwenyewe alikamatwa, akapelekwa kwenye kambi ya mateso ya Buchenwald.

Huko aliwekwa katika kiwanda cha vyombo vya usahihi kilichokuwa kando ya kambi. Kwa maelezo yake mwenyewe, wakubwa walikuwa wamesikia habari za mashine yake, wakamruhusu kuichora, wakikusudia kumpa Hitler zawadi baada ya ushindi. Basi Herzstark alichora kwa kumbukumbu, baada ya saa za kazi, kipande baada ya kipande, na vipimo vyake. Alijua kuwa maadamu kazi haijakwisha, wapo wanaotaka awe hai. Mara chache katika historia daftari limekuwa ndilo linalomweka mwenyewe duniani. Tarehe 11 Aprili 1945 majeshi ya Marekani yaliifikia kambi, na michoro ilikuwa karibu tayari kwa fundi. Mifano ya kwanza ilitengenezwa mwaka huo katika kiwanda cha Sömmerda. Na majeshi ya Urusi yalipokuja kuishika nchi hiyo, Herzstark aliondoka na vipande vyake akarudi Vienna.

Mtawala wa nchi ndogo ya Liechtenstein alimkaribisha, na kampuni ya Contina ikaundwa. Mwaka 1948 mashine ilikuwa imeanza kuuzwa, ikaitwa Curta kwa jina la mbunifu wake. Aina ya kwanza ina urefu upatao sentimita 8 na nusu na uzito wa gramu 230 hivi, nayo hupokea tarakimu 8 na kutoa jibu la tarakimu 11. Aina ya pili, iliyotoka mwaka 1954, hupokea 11 na kutoa jibu la 15. Mtu atakaye kuzidisha 327 kwa 24 huweka 327 ubavuni, huzungusha mkono mara 4, hunyanyua kichwa cha mashine akakisogeza nafasi moja, huzungusha mara 2, na juu husoma 7,848. Kwa mizunguko sita kazi imekwisha, wala hapana umeme wala kelele ila mlio mdogo kama wa saa inayotiwa ufunguo. Mashine zilizotengenezwa zilikaribia 140,000. Utengenezaji ulikoma mwaka 1970, maana wakati wake ulikuwa umekwisha: mwaka 1971 Busicom ya Japani ilitoa kikokotoo cha umeme cha kuingia mfukoni, na mwaka 1972 Hewlett-Packard ya Marekani ilitoa HP-35 kwa bei ya dola 395, iliyofanya kwa kitambo kidogo hesabu ambazo Curta haikuziweza.

Kwa hesabu ya mali, Curta haikuwa katika hatari ya kutoweka. Lililokuwa katika hatari ni habari yake. Ilipotengenezwa ya mwisho, wengi walioitumia walijua ni mashine nzuri kutoka Liechtenstein, wasijue ilichorwa wapi. Mwaka 1987 taasisi ya Charles Babbage ya Chuo Kikuu cha Minnesota ilituma mtu kumhoji Herzstark, na mazungumzo hayo yakaandikwa. Mwaka 1988 Herzstark akafariki. Mwaka mmoja tu ndio uliotenganisha daftari na kimya.

Kutokana na visa hivi vinne yaweza kutolewa kanuni za kazi ya mkusanyaji. Ya kwanza ni kuwa namba ya mashine ina thamani kuliko mng'aro wake. Curta za aina ya pili zilianza kuhesabiwa kwa 500,001, kwa hiyo mwenye kusoma namba hujua amepata nini. Na mwenye kuifuta kwa kusugua amelichana daftari kwa mkono wake. Ya pili ni kuwa chombo kongwe hakilazimishwi. Mafuta ya zamani huganda, na mwenye kuuvunja mkono wa mashine kwa pupa ya kuona ikizunguka huharibu katika dakika moja kilichohifadhika miaka 60. Ya tatu ni kuwa sanduku, kijitabu cha maelezo, risiti na jina la ofisi iliyoitumia havitenganishwi na mashine. Mfanya biashara atengaye vitu hivi ili auze kila kimoja peke yake hupata faida ya leo na kuacha hasara ya daima.

Vikokotoo vya umeme vina shida yao ya pekee. Mashine ya magurudumu hujieleza: mwenye subira akiifungua huona sababu ya kila mwendo. Kikokotoo cha umeme hakijielezi. Ndani yake mna kipande kidogo cheusi, na jicho halioni kitu. Betri zikiachwa ndani huvuja zikala madini ya viungo. Kwa hiyo mkusanyaji wa HP-35 au Busicom ana haja ya karatasi kuliko mkusanyaji wa Comptometer, maana mali yake ni bubu na haina msemaji ila daftari.

Hapa lugha nayo ina sehemu yake. Kiswahili cha leo chatumia neno kikokotoo, lililotokana na kitenzi kokotoa, kwa kila chombo cha hesabu. Neno ni zuri, lakini aandikaye orodha ya makumbusho akilitumia kwa vyote atakuwa amechanganya mali za namna tatu katika kapu moja: mashine ya kujumlisha, ambayo haifanyi zaidi ya kuongeza na kutoa, mashine ya kuhesabia, ifanyayo hesabu zote nne kwa magurudumu, na kikokotoo chenyewe, cha umeme. Tofauti hizo zikipotea katika maneno, zitapotea pia katika fikira za wasomaji, na baada ya kizazi kimoja hapatakuwa na ajuaye kuwa Pascal na Herzstark walishindana na tatizo moja.

Schickard aliacha daftari bila mali, na ubishi juu yake bado haujaisha. Leibniz aliacha mali darini, na waliokuja nyuma hawakunufaika nayo. Mali ya Pascal ipo, ila hatima ya moja yake imefika mahakamani. Herzstark aliibeba mali yake kichwani mpaka akapata karatasi, na habari zake ziliandikwa alipokuwa na umri wa miaka 85. Waliotunga mithali walimwonya mwenye duka asipoteze bidhaa. Onyo hilo lamfaa vile vile mwenye kabati la mashine kongwe: kuandika leo, kwa wino na kwa tarehe, chombo kimetoka wapi, kilitumiwa na nani, na kwa kazi gani, kabla ya kukifuta vumbi.